Unarudi kazini? Lijue fundo lako kabla ya kumlipa kocha

Kabla hujamtumia kocha wa maisha hata shilingi moja, kaa mezani na karatasi uandike kila kitu kinachokuzuia kurudi kazini. Usiandike "sijiamini" ukaishia hapo. Andika vitu vyenyewe: leseni yangu ya uuguzi imelala tangu 2021, sina wa kumwachia mtoto nikiwa na zamu ya Jumamosi, sijui nitamwambia nini mwajiri kuhusu miaka niliyokaa nyumbani, kila nikiwaza ofisi tumbo linanisokota. Kisha kando ya kila jambo andika ni nani hasa anayeweza kulimaliza. Utashangaa ni mangapi ambayo hayamhusu kocha hata kidogo. Mengine ni ya saiba, mengine ya Huduma Centre, mengine ya yaya, mengine ya daktari.

Kocha anasaidia, tusidanganyane. Lakini anasaidia mahali padogo: uamuzi uliokwama na mazungumzo unayoyaogopa. Ukimpelekea mengine utakuwa unalipa bei ya saa nzima kwa kazi ambayo mtu mwingine angeifanya vizuri zaidi, pengine bure.

Tuanze na makaratasi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama wakidhani tatizo ni woga. Kazi za serikali ya kaunti, na mashirika mengi yenye ofisi Kisumu na Nakuru, hutaka cheti cha tabia njema, cheti cha kutii ushuru kutoka KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya), na vibali vya HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na CRB (ofisi za rekodi za mikopo). Cheti cha tabia njema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, halafu unachapisha fomu na kwenda kupigwa alama za vidole. Kwa kuwa hakitoki siku hiyo hiyo, kiombe kwanza, kabla hata ya kuugusa wasifukazi wako.

Cha KRA ndicho chenye mtego. Aliyekaa nyumbani miaka minne hujiambia kwamba hana mshahara, kwa hivyo hana la kuwasilisha. Lakini akiwa na PIN iliyo hai, anatakiwa kuwasilisha ritani kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama ni sifuri tupu. Akichelewa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Miaka minne ni 8,000, na cheti hakitoki deni likiwa bado limekaa. Ingia iTax, tovuti ya KRA, leo uangalie leja yako. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na hakuna kocha duniani atakayekufanyia.

Leseni za taaluma nazo ni hivyo hivyo. Muuguzi ana Baraza la Wauguzi na pointi zake za mafunzo endelevu, mwalimu ana TSC (tume ya walimu), mhasibu ana ICPAK (taasisi ya wahasibu). Leseni iliyolala huamshwa na taasisi iliyoitoa. Ukiipata mkononi, nusu ya ile hofu uliyotaka kwenda kumwambia kocha huondoka yenyewe.

Kama unarudi kutoka likizo ya uzazi, jua sheria inasemaje kabla ya kuomba ushauri wa mtu yeyote. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu yenye mshahara kamili na haki ya kurudi kwenye kazi yako ileile, au nyingine inayokufaa yenye masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Likizo yako ya mwaka haimezwi na ya uzazi. Zile siku 21 za kazi zipo palepale, na hapa pana ujanja ambao wengi hawautumii: badala ya kuzichukua zote kwa mkupuo, omba kila Jumatano kwa wiki nane za mwanzo. Umetumia siku nane tu, na kwa miezi miwili hujafanya kazi zaidi ya siku mbili mfululizo bila kupumua. Mwajiri lazima akubali mpangilio huo, kwa hivyo umwandikie mapema, ukimpa tarehe zenyewe.

Kwa anayenyonyesha, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na akupe muda wa kufanya hivyo usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Halafu kuna jambo la joto, ambalo vijitabu vingi vya ushauri hulipita. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje saa nne tu, tena mahali palipo na joto lisilozidi digrii 25. Kisumu mchana joto hupanda hadi 29 au 30. Maziwa yaliyokaa kwenye droo ya ofisi tangu saa nne asubuhi hayafai kumpa mtoto jioni. Nunua kijisanduku cha kuhifadhi baridi na vibarafu vyake viwili: humo maziwa hukaa hadi saa 24. Nakuru kuna ubaridi zaidi, lakini ukisafiri kwa matatu iliyojaa usiutegemee ubaridi huo.

Sasa lile tumbo linalosokota. Ukiona wiki mbili mfululizo hulali hata mtoto akilala, hakuna kinachokufurahisha, unalia bila sababu au unawaza kujidhuru, hilo si la kocha. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto anaweza kukupima kwa maswali kumi ya kipimo cha Edinburgh cha sonona ya baada ya kujifungua, ambacho kimetumika tangu 1987, na yasikuchukue dakika kumi. Usiku wa manane ukizidiwa, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana laini ya bure, 1199. Kocha mwaminifu akisikia dalili hizo husimamisha kipindi na kukuelekeza hospitalini. Asiyefanya hivyo, akakwambia "badilisha mawazo yako tu", mtoroke.

Baada ya kufuta yote hayo kwenye karatasi, tazama kilichobaki. Mara nyingi ni mambo mawili au matatu: nirudi kazi ileile au nitafute nyingine? Nimwambieje bosi kwamba siwezi tena kubaki hadi usiku? Nitajibu nini wakiniuliza nilikuwa wapi? Hapo ndipo kocha anapopata kazi.

Kipindi kizuri cha dakika 60 hakina siri. Dakika kumi za kwanza ni za kukagua ulichoahidi kufanya wiki iliyopita. Dakika 40 ni za jambo moja, si matano. Dakika kumi za mwisho unasema utafanya nini, lini, na nani atajua umekifanya. Kocha huuliza zaidi kuliko anavyosema. Chukua mfano wa mama anayefanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo na anataka kubadilisha saa zake.

"Bosi atakataa," anasema.

"Amewahi kukataa, Mama Imani?"

"La. Sijamwuliza."

"Jumatatu ukimwuliza utaanzaje? Niambie mimi kana kwamba ndimi yeye."

"Samahani Madam, najua nimekaa nje muda mrefu na pengine nawasumbua, lakini..."

"Anza tena. Bila samahani."

Mara ya tatu au ya nne maneno hutoka hivi: "Madam, naomba kwa miezi mitatu niingie saa moja badala ya saa mbili, na nitoke saa kumi badala ya saa kumi na moja. Saa ni zilezile. Ripoti ya siku utaipata saa tisa na nusu. Mwisho wa mwezi wa kwanza tukae tuone kama inaenda." Ombi hilo lina muda, lina hesabu na lina siku ya kulipima. Bosi anaweza kukataa bado, lakini sasa ana kitu cha kukataa, si malalamiko. Mazoezi haya ya mdomo ndiyo unayolipia kwa kocha. Kuyafanya na mume au dada ni vigumu, maana wao wataanza kukuhurumia au kubishana nawe.

Swali la "ulikuwa wapi" nalo hufanyiwa mazoezi hivyo hivyo hadi jibu liingie ndani ya sekunde 20. "Nilisimama kazi 2021 kulea watoto wawili. Leseni yangu ni hai, nimemaliza mafunzo ya mwaka huu, na niko tayari kuanza tarehe moja." Kisha unanyamaza. Watu huharibu hapo kwenye kunyamaza, kwa kuongeza "lakini mtoto wa pili huwa anaugua kifua" bila kuulizwa.

Kumchagua kocha kunataka macho. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inayowataka hao wasajiliwe. Kocha wa maisha si mshauri nasaha, na mtu yeyote anaweza kuamka kesho akachapisha kadi yenye neno hilo. Kipimo kinachoeleweka ni vyeti vya ICF, shirika la kimataifa la makocha lililoanzishwa 1995. Ngazi ya kwanza, ACC, huhitaji saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufundisha wateja, ya pili, PCC, saa 125 na 500, ya juu, MCC, saa 200 na 2,500. Majina yao hutafutwa kwenye tovuti ya ICF yenyewe, kwa hivyo usiridhike na picha ya cheti kwenye WhatsApp. Kocha asiye na cheti hicho anaweza kuwa mzuri pia, lakini basi akupe watu wawili aliowasaidia kurudi kazini, uwapigie simu mwenyewe.

Kuna jambo la mji mdogo. Kisumu, Kakamega, hata Nakuru ambayo ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, watu wanajuana. Kocha wako anaweza kuwa anaimba kwaya moja na mkuu wako wa idara. Ukiwa Kisumu, kocha wa Nakuru kwa njia ya simu mara nyingi ni bora kuliko wa barabara ya pili. Hakikisha tu anazungumza lugha unayoitumia ukikasirika. Ukikasirika kwa Kijaluo au Kiluhya halafu uanze kuyageuza maneno kuwa Kiingereza cha ofisini, kipindi kitakwisha hujasema ulichonacho.

Kama mwajiri ndiye anayelipa, uliza swali moja kabla ya kufungua mdomo: nani anapata ripoti, na inaandikwa nini ndani? Jibu linalofaa ni idadi ya vipindi ulivyohudhuria, basi. Yaliyozungumzwa yabaki kwenu. Liandikwe.

Mkataba wenyewe ni ukurasa mmoja: vipindi vingapi, dakika ngapi, bei, ukighairi saa ngapi kabla hulipi, na usiri. Lipa kipindi kimoja kimoja, au viwili. Kifurushi cha vipindi 12 kinacholipwa mwanzoni kwa "punguzo" humnufaisha kocha, maana kwa kurudi kazini vipindi vitano vinatosha. Ukitozwa 3,000, hiyo ni 15,000 dhidi ya 36,000, na tofauti yake ni nauli ya boda na chakula cha mchana cha miezi kadhaa.

Na hivyo vitano visimalizwe kabla ya kuripoti kazini. Wengi hukosea hapo. Weka viwili katika wiki sita kabla ya kurudi, kimoja mwisho wa wiki ya kwanza, kimoja baada ya mwezi, na cha mwisho karibu na mwezi wa tatu. Sababu ni kwamba matatizo makubwa hujitokeza ukiwa umeshaketi: mtu aliyechukua majukumu yako hataki kuyarudisha, mfumo wa kompyuta umebadilishwa, yaya ameondoka bila kuaga. Kama ni mwajiri mpya, kipindi cha majaribio kisheria hakizidi miezi sita mwanzoni, na mwezi wa tatu bado una nafasi ya kurekebisha.

Dalili mbaya hazijifichi. Kocha anayeahidi kukuunganisha na kazi kwa ada ni dalali, au tapeli. Anayekuuzia bidhaa za kusambaza ili "ujitegemee" ametafuta mteja wa biashara yake. Anayehubiri dakika 50 nawe ukasema "amina" mara tatu anafanya kazi ya kanisa, ambako sadaka huwa ya hiari. Na yule ambaye kila kipindi anakuuliza upya una watoto wangapi hana hata daftari.

Asiye na pesa za kocha asijione amepungukiwa. Tafuta mtu aliyerudi kwenye kazi kama yako ndani ya miaka miwili iliyopita, umnunulie chai, umwulize mambo matatu: nini kilibadilika ofisini, nini alijuta kukubali wiki ya kwanza, na yaya alimpataje. Mazoezi ya mdomo unaweza kuyafanya kwa kujirekodi kwenye simu. Ukijisikiliza mara moja utazihesabu samahani zako.

Ukishalipia kipindi cha tatu na karatasi yako ya mwanzo bado iko vilevile, mpigie ukiwa mtulivu: "Kocha, nashukuru kwa muda wako. Tulisema kufikia sasa nitakuwa nimezungumza na meneja na sijazungumza. Naomba tuishie hapa. Kile kipindi nilicholipia mbele, nirudishie kwa namba hii ya M-Pesa kufikia Ijumaa." Kisha umtumie ujumbe wenye maneno hayohayo, ili yawe yameandikwa.