Seli shina zimo, zipo au ziko?

SWALI: Nimekuta sentensi hii katika kijitabu cha afya: "Seli mashina ziko katika uti wa mgongo." Je, ni sahihi? Mbona wengine huandika zipo, wengine zimo?

JIBU: Ina makosa mawili, na moja ni la hatari. Seli shina ni seli changa zinazozalisha seli nyingine; zile zinazozalisha damu hukaa katika uboho, ambao hospitalini Tanzania huitwa pia uloto. Ule tunaoufyonza kwenye mfupa wa supu aghalabu ni uboho wa manjano, wenye mafuta. Unaozalisha damu ni uboho mwekundu (si "uboho nyekundu"). Pingili za mgongo nazo zina uboho ndani, lakini uboho si uti wa mgongo, yaani ule ugwe wa neva unaopita katikati ya pingili hizo. Daktari akitaka uboho, kwa kawaida sindano huingia nyuma ya mfupa wa nyonga. Akitaka maji ya uti wa mgongo, huingia kati ya pingili za kiunoni. Mgonjwa akiandikiwa "uti" badala ya "uboho", atakubali asichokielewa, au atakataa kwa hofu ya bure. Anayetafsiri fomu ya hospitali asilifanyie mzaha neno hili.

Kosa la pili ni wingi. Seli shina ni kama bibi harusi: tunasema mabibi harusi, neno la pili halibadiliki. Na kwa kuwa seli iko ngeli ya I-ZI, tunasema seli shina hii, seli shina hizi.

Sasa -po, -ko na -mo. Sarufi hapa inafuata mwili wenyewe. Kilichozungukwa pande zote huchukua -mo: seli shina zimo ubohoni, zimo pia katika vishimo vidogo vya ukuta wa utumbo mwembamba, chini kabisa, ambako huzalisha utando mpya kila baada ya siku chache. Mahali dhahiri panapoweza kuoneshwa kwa kidole huchukua -po: katika jicho, seli shina za konea (kile kioo cha mbele ya jicho) zipo kwenye ukingo wake, pale konea inapokutana na weupe wa jicho. Eneo pana lisilotajwa kwa uhakika huchukua -ko: seli shina za ngozi ziko mwili mzima. Ukitaja kifuko cha unywele, rudi kwenye zimo.

Kwa hiyo kijitabu kingeandika: "Seli shina za damu zimo katika uboho." Au kwa ufupi: "Ubohoni mna seli shina za damu."