Usiifute NVDA Siku ya Kwanza

Nilipopoteza uwezo wa kuona, kompyuta ndiyo niliyoililia zaidi. Nilianza na programu ya kulipia inayosoma skrini kwa sauti, nikiitumia kwa majaribio. Kila baada ya dakika 40 inagoma, mpaka niiwashe kompyuta upya. Barua ya kurasa mbili niliiandika kwa awamu tatu. Ndipo mwenzangu asiyeona akaniambia: jaribu NVDA, haina malipo.

Programu hii ya kusoma skrini kwenye Windows ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, naye haoni. Ukiitumia unatambua kwamba aliyeitengeneza anaihitaji mwenyewe: ukilifungua tu faili ulilopakua, inaanza kusema kabla hujasakinisha chochote. Huhitaji kumsubiri mwenye macho.

Lakini siku ile ile niliifunga kwa hasira. Ilisoma barua ya Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, sikuambulia hata sentensi moja. Najua wengi wanaoishia hapo, na inaniuma, maana dawa yake ni ya dakika mbili. Bonyeza Insert, Control na S kwa pamoja, uchague eSpeak NG, yaani programu inayotoa sauti. Kisha Insert, Control na V, utafute sauti ya Kiswahili, na hapo hapo upunguze kasi. Sauti yenyewe ni kavu, ya kimashine kabisa. Ivumilie. Mimi wiki ya kwanza ilinichosha masikio, baadaye nikawa naongeza kasi mwenyewe.

Kabla ya kugusa kazi yoyote ya maana, bonyeza Insert na 1. Hapo kila kitufe utakachobonyeza kitajitaja jina na kazi yake, bila kuharibu kitu. Nilikaa hivyo siku tatu, na hakuna somo lililonisaidia kuliko hilo. Ikisema mno, kitufe cha Control kinainyamazisha.

Kwenye intaneti usiteremke mstari kwa mstari kwa kishale, utachoka bure. H inakurusha kichwa cha habari hadi kingine, K inakupeleka kwenye viungo (linki).

Ukishaizoea, tengeneza nakala yake kwenye flashi. Menyu ya NVDA ina sehemu hiyo. Yangu naifunga pamoja na funguo za nyumba. Nikifika kwenye kompyuta ya mtu naichomeka, naifungua, naanza kazi.