Usilinganishe Februari na Julai

SWALI: Naratibu mradi wa lishe wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Februari, kabla ya kuanza, tulipima alama ya ulaji wa kaya (kipimo cha aina za vyakula ambavyo kaya imekula na kwa siku ngapi) tukapata wastani wa 29. Julai tukazirudia kaya zilezile, ikawa 44. Je, tuandike kwenye ripoti kwamba mradi umefanikiwa?

JIBU: Msiandike hivyo bado. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Februari vihenge vingi viko tupu na uwele ungali shambani. Julai mavuno yameshaingia ndani. Hata kaya ambayo mradi haukuigusa itakuwa imepanda. Rudini Februari ijayo, kwa dodoso lilelile.

Dawa kamili ilikuwa kuchagua vijiji vya kulinganishia tangu mwanzo, vyenye mvua na masoko kama vyenu. Tuseme navyo vingetoka 30 hadi 42: vimepanda 12, ninyi 15. Mradi ungeweza kudai alama 3 tu, na hizo nazo kama sampuli ni kubwa vya kutosha.

Kabla ya hapo, kagueni hizo alama zenyewe. Huulizwa siku ngapi kati ya 7 zilizopita kaya imekula kila kundi la chakula, kisha siku huzidishwa kwa uzito wa kundi: nafaka 2, kunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama, samaki au mayai 4, maziwa 4, sukari na mafuta 0.5. Kaya iliyokula ugali siku 7 (14), mlenda siku 7 (7), kunde siku 3 (9), mafuta siku 4 (2) na sukari siku 4 (2) ina 34. Iko mpakani, kati ya ulaji duni na ulaji wa kuridhisha, kwani mpaka ni kuanzia 21.5 hadi 35. Sasa mdodosaji akihesabu kijiko cha maziwa ndani ya chai siku 4, anaongeza 16. Kaya inaruka hadi 50 na kuitwa yenye ulaji wa kuridhisha, ilhali sufuria ni ileile! Maziwa ya kuipa chai rangi na dagaa wachache wa kukolezea mboga ni viungo, uzito wake sifuri. Hapa ndipo mafunzo ya wadodosaji yanapaswa kutumia muda mwingi.

SWALI: Wengine hujibu wana njaa wakitarajia msaada. Tupime kwa mkanda mzingo wa mikono ya watoto badala yake?

JIBU: Pimeni, ila si badala yake. Mkono hupungua kwa malaria na kuhara pia, hata chakula kikiwepo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, pimeni mkono wa kushoto ukining'inia, katikati ya bega na kiwiko, bila kukaza mkanda. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Bonyezeni na miguu yote miwili kwa sekunde 3: kishimo kikibaki kwenye yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali, mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo, mkanda useme lolote.