Kwa nini picha ya Dunia ya Apollo 8 haina nyota

Ndugu, umeuliza kama nyota zilifutwa kwenye ile picha ya Dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi. Hapana, hazikufutwa. Ni suala la mwanga tu.

Bill Anders, mwanaanga wa Apollo 8, chombo cha Marekani kilichouzunguka Mwezi, aliipiga tarehe 24 Desemba 1968, yeye na wenzake wakiwa mzunguko wa nne, kilomita kama 110 juu ya Mwezi. Kamera ilikuwa Hasselblad 500 EL yenye lenzi ya milimita 250, filamu ya rangi ya milimita 70, kasi 1/250 ya sekunde, tundu la lenzi la kupitisha mwanga f/11. Hivyo ni vipimo vya mchana wa jua kali, kwa sababu Dunia na Mwezi vyote vilikuwa vinapigwa na jua. Nyota zinahitaji kamera iachwe wazi sekunde kadhaa. Ukiziachia muda huo, mwanga unazidi na Dunia inakuwa doa jeupe. Jaribu mwenyewe kupiga picha ya Mwezi usiku kwa vipimo vile vya mchana.

Jambo ambalo wengi hawalijui: picha ya kwanza ya Anders ilikuwa nyeusi na nyeupe. Akamwomba mwenzake Jim Lovell filamu ya rangi haraka. Kwenye Hasselblad kasha la filamu linachomoka zima nyuma ya kamera, kwa hiyo unabadilisha katikati ya filamu bila kuiharibu, mradi kile kibati cha kuzuia mwanga kiwe kimechomekwa kabla ya kulitoa na kivutwe ukishalipachika.

Madirisha ya chombo nayo yaliwasumbua: matatu kati ya matano yaliingia ukungu kutokana na mvuke wa gundi ya silikoni iliyoyaziba.