Kazi ya miezi mitatu: ulipwe kwa siku, kwa kipande, kwa hatua au kwa mwezi?

Ukiitwa kwenye kazi ya muda mfupi, swali la bei huja mapema, mara nyingi kwenye simu ya kwanza: "Unachaji kiasi gani?" Usitaje namba kabla hujajua utalipwa kwa mtindo gani. Shilingi milioni tatu zinazotokana na malipo ya kila siku na milioni tatu za kazi nzima ni mikataba miwili tofauti kabisa: kazi ikichelewa, wa kwanza unamuumiza mteja, wa pili unakuumiza wewe. Kwa hiyo jiulize kwanza nani anashikilia mambo yanayoweza kuichelewesha kazi. Kama ni mteja (vibali, data zake, mkurugenzi wake asiyepatikana), dai malipo ya siku. Kama ni wewe, bei ya jumla inaweza kukulipa vizuri zaidi.

Kosa kubwa la wageni kwenye malipo ya siku ni kuchukua mshahara wa mwezi na kuugawa kwa 22. Mshahara wa 1,500,000 unatoa kama 68,000 kwa siku, na bei hiyo inakula mtaji wako. Mtu wa mikataba hafanyi kazi siku 22 kila mwezi. Siku nyingine anatafuta kazi, anaandika maombi, anafuatilia madeni. Ukikadiria siku 14 za kulipwa, bei inapanda hadi 107,000, na hapo hujaweka bima, bando wala mchango wako wa uzeeni. Kisha andika kwenye mkataba "siku" ni nini: saa nane? Siku ya safari ya Dar hadi Mpanda inahesabika? Siku uliyokaa mlangoni ukisubiri ofisi ya kata ifunguliwe? Tumia jedwali la siku, lisainiwe na msimamizi kila Ijumaa. Ukingoja mwisho wa mwezi, msimamizi ataanza kukumbuka mambo kwa namna yake.

Malipo ya kipande yanawavutia sana vijana wa ukusanyaji wa data, na ndipo wengi wanapoumia. Tuseme hojaji moja ni 8,000. Kijiji cha kwanza kiko kando ya lami, unafanya sita, umepata 48,000, unafurahi. Kijiji cha tatu nyumba zimetawanyika, watu wako shambani, unafanya tatu tu; 24,000, na boda imechukua 10,000. Tena, kaya iliyochaguliwa kwenye sampuli haibadilishwi ovyo. Kwa kawaida utatakiwa kurudi mara mbili au tatu kabla ya kuruhusiwa kuchukua ya akiba, na safari hizo kwenye hesabu ya kipande ni bure. Halafu kuna hojaji zinazokataliwa ofisini kwa sababu alama ya GPS haikushika au swali moja limerukwa. Ukilazimika kukubali kipande, omba vitu vitatu viandikwe: kiwango cha chini cha siku hata usipopata mtu, malipo (hata nusu) kwa kaya uliyoifikia mara zote zilizotakiwa ukaikosa, na muda wa mwisho wa ofisi kukataa hojaji, mathalani saa 48 tangu uitume. Nauli ikae nje ya bei ya kipande. Mkuu wa timu akikwambia "nauli imo humo humo", piga hesabu upya kwa kijiji kibaya kuliko vyote kwenye orodha, si kwa kile cha lami.

Bei ya kazi nzima inafaa pale hadidu za rejea (maelezo ya kazi unayotakiwa kufanya) zinapohesabika: kurasa ngapi, mifumo mingapi, vyumba vingapi vya kuwekewa nyaya. Weka idadi ya marekebisho, mawili yanatosha, na bei ya kila linalozidi hapo. Bila hivyo utakuwa unabadilisha rangi za nembo mpaka mwaka uishe.

Kazi ikizidi wiki nne, igawe kwa hatua. Asilimia 30 mwanzoni, 40 katikati, 30 mwishoni ni mgawanyo ambao wateja wengi hawaubishii. Kinachohitaji macho zaidi ni neno linalofuata "italipwa baada ya". "Baada ya ripoti kupitishwa na wizara" maana yake unalipwa siku mtu usiyemjua atakapopata nafasi ya kusoma. Badilisha iwe "baada ya rasimu kukabidhiwa; mteja ana siku 10 za kazi kutoa maoni, akinyamaza imekubaliwa." Na awamu ya mwisho isiwe kubwa sana. Ikifika nusu ya mkataba, mteja ana kila sababu ya kuendelea kuomba "kitu kidogo tu".

Kuna njia ya tano: kuingizwa kwenye orodha ya mishahara kwa miezi hiyo. Hapa watu hulinganisha vibaya. Mshahara wa 1,500,000 ukikatwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 (150,000) unabaki na 1,350,000 ya kutozwa kodi; kwa viwango vya sasa vya PAYE, kodi ya mshahara ya Tanzania, inakatwa 233,000, na mkononi unapata 1,117,000. Kiasi hicho hicho kikilipwa kama ada ya huduma, kodi ya zuio (anayoikata mteja kabla ya kukulipa) ni asilimia 5 tu, unaondoka na 1,425,000. Inaonekana ushindi. Lakini kwenye mshahara mwajiri naye anachangia NSSF, na una haki za mfanyakazi. Kwenye ada, ile asilimia 5 ni malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka. Hesabu kamili inakuja kwenye ritani, taarifa yako ya kodi ya mwaka. Kama mkataba huo ndio mapato yako yote ya mwaka, 4,500,000, ukatoa matumizi ya kazi 600,000, kodi inatozwa kwa kinachozidi 3,240,000, yaani asilimia 8 ya 660,000: shilingi 52,800, wakati wameshakata 225,000. Ziada ni yako, ila kuipata inahitaji subira na vyeti vya zuio. Kama una mapato mengine makubwa mwaka huo, ada hii inakaa juu yake na inaweza kuangukia kwenye asilimia 30. Weka akiba.

Usidhani jina la mkataba linamaliza mambo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 61, inamdhania mtu kuwa mwajiriwa kwa vigezo kadhaa, kimojawapo kufanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mteja anayekupangia saa za kuingia na kutoka huku akikuita "mshauri" anajitafutia kesi, na wewe una la kusema siku mambo yakiharibika.

Kuhusu hiyo asilimia 5, ukitaka 2,000,000 safi usiongeze asilimia 5 juu. 2,100,000 ikikatwa inabaki 1,995,000. Gawa kwa 0.95: andika 2,105,263. Dai cheti cha zuio chenye TIN yako (namba ya mlipakodi) kila unapolipwa. Mteja anatakiwa kuiwasilisha kodi hiyo TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo mwezi unaofuata hana kisingizio. Nauli na malazi yaombe kama marejesho, kwenye mstari wake, na risiti za EFD (mashine ya kodi) zenye jina la mteja. Ukiyachanganya na ada, mhasibu atakata asilimia 5 juu ya yote.

Bei iwe ya shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa nchini, kwa hiyo mkataba wa dola na kampuni ya Masaki, Dar, ni tatizo kwenu wote wawili. Mteja aliye nje akikutumia dola benki, muulize atachagua nini kwenye fomu ya benki ya kutuma fedha: OUR, ada zote ni zake, SHA mnagawana, BEN zote ni zako, na benki za kati hujikatia njiani bila kuaga. Ukilipwa kwa simu, kubalianeni nani anabeba ada ya kutolea. Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye mkataba na TIN. Tofauti ya jina la kati pekee inatosha kuirudisha ankara yako chini ya rundo.