Jinzi kuukuu, tairi la bodaboda na mguu wako: majibu kwa wasomaji

Mwezi uliopita niliandika kuhusu viatu nilivyoshona kwa suruali ya jinzi iliyochanika magotini. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, kutoka hapa mjini hadi Kondoa. Nimechagua yale yanayowagusa wengi.

Nina jinzi za mitumba zilizochakaa, na cherehani ya kawaida ya mguu. Je, naweza kushona viatu vya kufunika vya watoto? (Mama wa watoto watatu, Nkuhungu)

Unaweza, mama. Ila usianze na kitambaa, anza na mguu. Mpime mtoto jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima ya kutembea, na kiatu kilichopimwa asubuhi kitambana saa kumi. Asimame juu ya kipande cha boksi, wima, uzito kwenye miguu yote miwili. Penseli ishike ikiwa imesimama. Ukiilaza inaingia chini ya unyayo na kipimo kinapungua. Chora miguu yote miwili, maana ni nadra ikalingana, kisha ongeza sentimita moja mbele ya kidole kirefu.

Sasa chagua jinzi. Ivute kwa upana: ikinyumbuka kama mpira, iweke kando. Jinzi za kubana zina nyuzi za mpira ndani yake, na kiatu chake baada ya wiki mbili kinapwaya na mguu unateleza. Unayoitaka ni ile nzito ya zamani ya pamba tupu. Kama una shaka, chomoa uzi uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, nailoni na poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kata kwenye mapaja ya nyuma au chini ya goti, si gotini wala makalioni, kitambaa huko kimeshaisha hata kama macho hayaoni.

Kalio la kiatu, yaani ule msingi unaokanyagwa na mguu ndani, lifanye kwa tabaka nne au tano za jinzi zilizoshonwa kwa mistari ya karibu karibu mpaka zikaze kama mkeka. Hapa cherehani yako itahitaji sindano namba 16 au 18, na panapozidi tabaka nne zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Ikigoma usiilazimishe, malizia kwa shazia. Wengi huniuliza kwa nini nisitumie sponji ya godoro. Nimeitumia. Siku ya kwanza ni raha, baada ya wiki imelala na mtoto anahisi kila kokoto.

Sehemu ya juu ina vipande viwili tu: kimoja cha kufunika vidole, kingine cha kuzunguka kisigino. Bitana iwe ya khanga iliyofuliwa miaka, hakuna kitambaa kipya kinachofikia ulaini wake. Kabla ya kukata jinzi, shona kwanza kiatu cha majaribio kwa mfuko mbadala, hii tuliyoanza kubebea bidhaa baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Ukikosea hujapoteza kitu. Kikimkaa mtoto vizuri, kifumue na ukitumie kama pateni.

Mwisho ndipo unashona ile sehemu ya juu kwenye kalio kwa mkono, kuzunguka ukingo wote, uzi wa nailoni uliopakwa nta ya nyuki. Nta huufanya uzi ushike na usikatike haraka kwa vumbi. Watu wa milima ya Pirenei, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, wana viatu vya kitambaa vinavyoshonwa kwa mkono hivi hivi, ila soli yao ni kamba iliyosukwa na kuzungushwa. Nchi yetu ya mkonge ingeweza soli ya namna hiyo bila taabu. Kwa ardhi ya Dodoma lakini, chini ya kalio weka mpira. Changarawe yetu ingeila kamba upesi.

Nilikata tairi kuukuu nitengeneze katambuga, likatoka na nyaya zinazochoma. Nilikosea wapi? (Dereva wa bodaboda, Chamwino)

Ulikata tairi la gari. Matairi ya kisasa ya magari madogo yana mikanda ya chuma chini ya ile sehemu inayokanyaga barabara, na ya malori mengi yana chuma hata ubavuni. Nyaya zikishakatwa hazimalizwi kwa koleo, kila ukitembea zinachomoza upya. Tafadhali hilo usimvalishe mtu.

Na wewe, ndugu yangu, umekalia mali. Tairi la pikipiki kwa kawaida limefumwa kwa nailoni, waya uko kwenye ukingo tu unaoshika rimu. Ukingo huo ukate pande zote mbili uutupe. Tairi la nyuma ndilo bora kwa kuwa ni pana. Likipasuliwa na kulazwa pamoja na ubavu wake linatosha unyayo wa mtu mzima. Lisiwe limeisha mpaka nyuzi zinaonekana. Wazee wetu wa huku hawakuvaa katambuga kwa kukosa kingine tu. Mwiba wa mgunga unapita kwenye ndala kama sindano kwenye khanga, lakini kwenye tairi unakatika.

Kisu kiwe kikali, na kila baada ya kukata kidogo kichovye kwenye maji ya sabuni, kitapita bila kung'ang'ania. Kata kuelekea nje, mkono wako usiwe mbele ya kisu. Chora unyayo kwa urefu wa mzunguko wa tairi, mguu ukanyage upande wa ndani, ili ule mkunjo uinue kidogo vidole na kisigino. Ukizidi mno, pigilia kipande kwenye ubao ukiache juani siku kadhaa.

Mikanda kata kwenye tyubu, ukiikunja mara mbili, au tumia utepe wa begi la shule lililochakaa. Ipitishe kwenye matundu ya soli na uishone. Mafundi wengi hupiga misumari midogo, na ikikunjwa vizuri hudumu, ila mimi napendelea uzi: msumari ukilegea, anayeugundua kwanza ni mguu.

Gundi inaachia ndani ya wiki moja. Nibadilishe aina? (Msomaji, Kongwa)

Mara nyingi kosa si la gundi. Kongwa kuna vumbi na upepo, na vumbi jembamba usiloliona likikaa juu ya mpira gundi inashika vumbi, haishiki mpira. Kwaruza kwa msasa pande zote mbili mpaka mng'ao uishe, osha, kausha kabisa. Paka gundi ya viatu kwenye soli na kwenye kiatu, kisha subiri dakika kumi hadi kumi na tano mpaka ukigusa isinate kidoleni. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Ukishaunganisha gonga kwa nyundo eneo lote na uache mpaka kesho yake.

Hata hivyo joto huilegeza, kwa hiyo zungushia mshono kwenye ukingo. Fanyia kazi hiyo nje, mbali na jiko na mbali na watoto: mvuke wa gundi hiyo unashika moto na unaumiza kichwa na mapafu.

Mama yangu ana kisukari na anasema viatu vya dukani vinambana. Naweza kumshonea? (Msomaji, Kondoa)

Swali hili limenigusa kuliko mengine. Kisukari cha muda mrefu huweza kuitia miguu ganzi, na mtu anaweza kutembea kutwa na kokoto au msumari ndani ya kiatu bila kuhisi. Kidonda kidogo kikigeuka kikubwa, mguu unaweza kukatwa. Kwa hiyo kwanza mpeleke kliniki anakohudhuria, wamkague miguu. Kama ana kidonda, au umbo la mguu limebadilika, usimshonee, anahitaji kiatu cha wataalamu.

Wakikuruhusu, mshonee kiatu cha kufunika vidole, kipana mbele, chenye kufungwa kwa kamba. Msumari usiingie hata mmoja. Ndala na katambuga za kupita katikati ya vidole hazimfai. Mishono yote iangalie nje na bitana iwe nyororo, ya rangi nyeupe ili damu ikitoka ionekane mapema. Kila asubuhi, kabla hajavaa, wewe au mjukuu pitisheni mkono ndani.

Viatu vya jinzi vitastahimili mvua za Januari? (Msomaji, Mpwapwa)

Vitalowa. Sugulia nta ya nyuki kwenye jinzi na upashe joto kwa pasi isiyo kali, maji yatateleza kwa muda. Vikilowa, viwekee karatasi ndani na uanike kivulini.

Nasoma chuo hapa Dodoma. Naweza kuifanya kazi hii biashara? (Mwanafunzi)

Malighafi ipo. Pita kwa mafundi cherehani wa Majengo uone vipande vya jinzi na kitenge wanavyotupa, ongea nao wakuwekee. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi hapa mkoani, kaulizie mafunzo. Ukishakuwa na kikundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Lakini usikimbilie mkopo kabla ya kujua viatu vyako vinadumu vipi. Jozi ya kwanza mpe mtu anayetembea sana, muuza mboga au mlinzi, na umwombe airudishe baada ya mwezi. Igeuze uone soli imelika wapi na uzi umekatika wapi. Jozi ya pili iimarishe hapo hapo, umrudishie yeye avae mwezi mwingine.