Tegemezi au tegemeo?

SWALI: Natafsiri ujumbe wa hitilafu wa programu ya kuunda miradi. Maktaba moja (furushi la msimbo ulioandikwa tayari ili programu nyingine ziutumie) inahitaji nyingine, na hiyo nyingine haipo. Nimeandika "Tegemezi halikupatikana". Mwenzangu anasema ni "tegemeo". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, na tofauti yenyewe si ndogo. Kumbuka kishazi tegemezi tulichofundishwa darasani: "alipofika" hakijitoshelezi, kinahitaji kishazi huru. Bajeti tegemezi nayo hungoja msaada wa wengine. Kwa hiyo tegemezi ni kile kinachoegemea; kinachoegemewa ni tegemeo, wingi mategemeo. Ujumbe wako unasema iliyopotea ni maktaba ya kwanza, na msomaji atahangaika kutafuta kitu alicho nacho tayari.

Wapo watakaokuambia tegemeo ni matumaini tu. Hapana. Tunasema "mtoto huyu ndiye tegemeo la familia", na kila mtu anaelewa nani anamtegemea nani. Wala usiandike "utegemezi": huo ni hali, haupakuliwi kutoka mtandaoni.

"Halikupatikana" umeliteua vizuri sana. "Halijapatikana" lingemfanya mtu aendelee kusubiri, kumbe programu imeshatafuta ikamaliza.

Ila usilitumie kwa kila hitilafu. Mara nyingi hakuna kilichokosekana: maktaba moja imeombwa kwa matoleo mawili tofauti. Kati ya programu za kuunda miradi, Maven huchukua toleo lililo karibu zaidi na mzizi wa mti wa mategemeo, yaani mradi wenyewe, Gradle kwa kawaida huchukua jipya zaidi, na hitilafu huweza kuzuka baadaye, msimbo unapoita kitu ambacho toleo lililochaguliwa halina. Hapo andika "matoleo yanagongana" na uyataje yote mawili. Ukiandika "halikupatikana", mtu atakagua mtandao na anwani ya hazina zinakopakuliwa maktaba mchana kutwa, na kosa haliko huko.

Kuhusu mduara wa mategemeo: maktaba A na B zikihitajiana, "zinategemeana" linatosha. Zikiwa tatu, kiambishi -an- kinapotosha, maana hakuna jozi inayotegemeana moja kwa moja. Andika "mategemeo yanazunguka", kisha onyesha njia nzima: A inategemea B, B inategemea C, C inategemea A. Na uihakiki herufi kwa herufi, kwa sababu w moja tu ikiingia, "inategemewa na", hatua hiyo inasomeka kinyumenyume na mduara haufungi tena.